Miguu Isiyosikia na Barua za Mwalimu Gathogo

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Kila anayestaafu kwenye idara yetu hupewa saa ya ukutani, na kwa vile nimewachangia wengi, nafasi ya kuitundika nilikuwa nimeiacha sebuleni tangu mwaka juzi. Inatembea vizuri. Sijui kwa nini mtu ambaye hana tena pa kuwahi anapewa saa, lakini asanteni.

Faith aliniambia, "Mathe, andika hizo stori zako kabla hujasahau." Nimeandika, Faith, na hilo la kusahau nimelisikia. Habari za vyeo sina, kwa sababu niliingia msaidizi wa mazoezi ya viungo na nikatoka msaidizi wa mazoezi ya viungo. Nilikuja na cheti cha kidato cha nne na woga wa kutoka nyumbani. Hata sasa kuku wangu hapa Lanet wanatembea mbali kuliko mimi. Ajabu ni kwamba mtu kama huyu, anayeona kwenda Gilgil kama kuhamia ng'ambo, ndiye aliyeishia kuzunguka makanisani na barua za kutetea utafiti wa seli. Hayo ndiyo nataka kuwaeleza, pamoja na jambo moja nililolifanya Kihoto, ambalo huwa nawasimulia nusu tu.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Sista Tabitha, mkubwa wa wodi ya mgongo, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyo na sauti. Ukigeuka, yuko nyuma yako. Kitu cha kwanza nilichokiona ni viti vya magurudumu saba, vitupu, vimekusanyika kwenye dirisha la mwisho la ukumbi, vyote vimeelekea ziwani kama wazee wa kanisa wanaosubiri mgeni.

"Nani amevipanga hivi?" nikauliza.

"Hakuna," akasema. "Huenda vyenyewe." Akaendelea na safari yake.

Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba sakafu ya jengo lile la zamani imeinama upande wa ziwa, na kiti kisichofungwa breki huteremka polepole mpaka pale. Wiki hiyo yote nilikuwa napita ukumbini nikinong'ona Zaburi. Sista Tabitha alijua. Aliniacha nimalize Zaburi zote ninazozijua ndipo akaniambia habari za sakafu.

Siku hiyo hiyo alinipeleka kitanda cha tatu, kwa seremala mzee aliyeanguka kutoka kwenye paa na kuvunjika mgongo. Nikaambiwa nimfunue miguu niipake mafuta. Nilipovuta blanketi, miguu ile, ambayo ilikuwa haijasikia kitu kwa miaka miwili, iliruka. Mmoja ulinigonga kwenye mbavu. Wa pili ulibaki ukitetemeka kama mtu anayepiga cherehani. Mzee mwenyewe alikuwa anasoma gazeti na hakuinua macho. Nilikuja kupatikana kwenye chumba cha mashuka.

"Umefuata nini huku?" Sista Tabitha akaniuliza.

"Mashuka, Sista."

"Na hayo machozi pia ni ya mashuka?"

Alinirudisha akanieleza mbele ya mgonjwa, maana hakuwa mtu wa kusengenya miguu ya mtu. Uti wa mgongo ukikatika, kichwa na miguu havipelekeani tena habari, lakini mishipa iliyo chini ya jeraha bado ni mizima na huongea yenyewe kwa yenyewe. Mlango ukibamizwa, mguu unaruka. Blanketi likivutwa, mguu unaruka. Jamaa wa wagonjwa wakiona hivyo, wengine hushangilia kwamba amepona, wengine huita mchungaji atoe pepo. "Hakuna uponyaji na hakuna pepo," alisema. "Ni nyumba ambayo mwenyewe ametoka akaacha taa zinawaka."

"Usijali, msichana," seremala akasema nyuma ya gazeti. "Humpiga hata mke wangu. Haina adabu."

Vifaa vyetu mnavijua, ingawa nyinyi mmevikuta vikiwa vya kisasa. Vile vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kusimama tulitengenezewa na fundi wa jua kali kwa mabomba ya maji, na mgonjwa akisimama hapo vilikuwa vinalia kama mbuzi. Lakini kifaa kikubwa kilikuwa pini ya nepi. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa kwa ncha au kwa upande wa duara, ukianzia kifuani ukishuka, huku unauliza, "Kali au butu?" Anajibu, unaandika. Mahali majibu yanapoanza kukosea ndipo mpaka ulipo. Siku hizi kila mgonjwa ana pini yake. Wakati huo tulikuwa tunachemsha.

Sista Tabitha alinifundisha jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye fomu. Kila baada ya mara tatu au nne, uliza bila kugusa. Inua mkono, weka kando, uliza kwa sauti ile ile, "Kali au butu?" Anayesikia kweli atasema, "Bado hujanigusa." Asiyesikia lakini anatamani sana atakujibu. Atasema kali, tena kwa uhakika, na uso utafunguka kwa furaha. Mtu amefumba macho, anatabasamu, anakueleza jinsi pini inavyomchoma, na pini iko mfukoni mwako.

"Huyo usimwambie papo hapo," Sista Tabitha alinionya. "Andika, kisha kaa naye siku nyingine. Hadanganyi huyo. Ana njaa tu."

Mwalimu Gathogo aliletwa mwaka wangu wa kumi na mbili hivi. Alikuwa mwalimu wa sayansi sekondari moja upande wa Njoro, mrefu, mbishi, asiye na mke wala mtoto, anayeishi na dada yake Wambui. Gari alilokuwa akiliendesha lilikosa barabara kwenye mteremko. Mgongo ulivunjika chini ya kifua. Mikono ilibaki mizima kabisa. Wiki ya pili alinipungia mkono.

"Mama Kui, naomba unitolee mguu kwenye breki."

Nilidhani ni dawa za maumivu. Akanieleza kwa utulivu kama anafundisha darasa: mguu wake wa kulia ulikuwa bado umekanyaga breki. Aliusikia umenyooka, kisigino chini, vidole vimekazana, umechoka. Nikaushika ule mguu, nikauinua juu ili auone.

"Naona mguu wangu uko mikononi mwako," akasema. "Sasa huu unaokanyaga ni wa nani?"

Nikaulaza tena kitandani. Sista Tabitha aliniambia kwamba wengi huwa hivyo, miguu hubaki pale ajali ilipowaachia. Wa kwenye ngazi bado yuko kwenye ngazi. Baada ya hapo kila nikipita wodini saa za chakula nilikuwa nawaona wawili wawili: yule aliyelala na yule ambaye bado yuko pale, anakanyaga, anapanda, anaanguka. Nilikuwa nakula chakula changu nje.

Mwalimu alipotoka hospitali alirudi kila mwezi kliniki, na kila mara alikuja na karatasi. Ndiye aliyenifundisha neno seli shina. Alisema, mtoto akiingia darasa la kwanza hujui kama atakuwa dereva au daktari. Bado anaweza kuwa chochote. Mwilini pia kuna seli kama hizo, ambazo bado hazijachagua kazi, na zilizo huru kuliko zote ziko kwenye kiinitete, mimba ikiwa na siku chache tu, kitu kidogo kuliko nukta. Watafiti wanataka kuzifundisha ziwe mishipa, waone kama zinaweza kuunganisha uti uliokatika.

"Na hivyo viinitete vinatoka wapi?" nilimuuliza. Mimi ni mama na ni mshirika wa kanisa, na swali hilo lilinikaa kooni.

"Kuna watu wasiopata watoto," akasema. "Hospitali huwasaidia kwa kuunganisha mbegu na yai kwenye kichupa. Vikipatikana vingi, vinavyobaki hugandishwa kwa baridi kali. Wenyewe wakishapata watoto wao, vingine hukaa tu mpaka vitupwe. Mimi nasema, kama vitatupwa, na kama baba na mama wamekubali kwa hiari yao, afadhali viende kwa mtafiti kuliko kwenye taka. Wakikataa, basi, wamekataa."

Sikushawishika siku moja. Ilinichukua karibu mwaka, nikiwa napika, nikiwa napalilia sukuma wiki shambani. Mwishowe nilimwambia kwamba ninakubali, ila sitaki kuongea mbele za watu. Akasema hakuna shida, kazi yangu itakuwa kusukuma kiti tu. Kumbukeni alikuwa mwalimu, hujua kukuvuta. Mwezi wa tatu nilikuwa nasoma barua kwa kipaza sauti.

Tuliandikia wabunge, vyuo, kamati, wakubwa wa wizara. Yeye aliandika kwa mkono, hati nzuri ya ubaoni, mimi nikapeleka posta. Barua zilisema mambo mawili: tungeni sheria ya kusimamia utafiti huu, na muuruhusu ufanywe hapa kwetu kwa uwazi. Wagonjwa na jamaa zao walitia sahihi chini. Jumamosi na Jumapili nilitolewa nyumbani kwangu kwa nguvu, tukaenda popote walipotukubali. Mchungaji mmoja alituambia, "Chai ipo, karibuni kabisa. Kipaza sauti hapana." Tulikunywa chai.

Mahali nisipopasahau ni kanisa dogo upande wa Longonot. Walituruhusu baada ya ibada. Mwalimu alieleza vizuri, watu wakasikiliza, mlima uko dirishani, upepo unainua vumbi. Kisha shosho mmoja, bibi mzee aliyekaa mbele, akasimama kwa fimbo.

"Hao walio kwenye barafu," akasema, "stima ikipotea, wanasikia nini?"

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu akajibu kwa heshima kwamba hawana mishipa bado, hawana ubongo, hawawezi kusikia baridi wala joto.

"Kama wewe na miguu yako," shosho akasema.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaweka mkono juu ya goti.

"Mimi sijakukataza, mwanangu," shosho akaendelea. "Hata mimi nikikuona hapo naumia. Nauliza tu, nani hukaa nao? Kitu kikikaa gizani miaka na miaka, bila kufa, bila kuishi, lazima kuwe na mtu anakaa nacho."

Akaketi. Tuliporudi, tulipofika Gilgil Mwalimu akasema, "Hilo ndilo swali la maana kuliko yote tumewahi kuulizwa." Barua zote zilizofuata zilikuwa na mstari mpya: sheria itaje ni nani atakayevilinda viinitete hivyo, nani atakayeuliza vimetoka kwa nani, na nani ataadhibiwa vikitumiwa vibaya. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Nikifungua friji kwangu kutoa maziwa, nilikuwa naifunga polepole.

Miaka ilienda. Barua nyingi hazikujibiwa. Chache zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Sista Tabitha alistaafu, akapewa saa yake, na miaka michache baadaye tukamzika kwao Molo. Mwalimu akaanza kunywea kwenye kiti, mabega yakaanza kuuma kwa sababu ya kusukuma magurudumu. Habari za nchi za mbali alizileta kliniki bado, watafiti fulani wamejaribu hili, wamejaribu lile, na kila mara alikuwa mkweli: tiba haipo bado. "Bado" hilo alilitamka kama mtu anayeweka chombo cha udongo mezani. Wodini kwetu, tangu niingie mpaka nitoke, sijaona hata mmoja aliyesimama kwa seli. Nawaambia hivyo ili asije mtu akawauzia kitu kwa jina langu.

Ndipo ikaja asubuhi ile Wambui aliponipigia simu. Alisema gari limemchukua kaka yake, limempeleka Naivasha, mahali panaitwa Kihoto. Kaka alimwambia anaenda mkutano. Lakini amekuta karatasi chini ya mto wake, inasema kuna daktari anadunga seli za watoto kwenye mgongo na watu wanasikia miguu siku hiyo hiyo.

"Mama Kui, wewe unamweza. Mimi ananiona mtoto," Wambui akasema. "Si uende?"

Nilielewa vizuri kilichokuwa hatarini, na nyinyi mnaelewa. Mwalimu alikuwa na mikono. Sindano ya mtu asiyejua, kwenye mgongo, yenye kitu kisichojulikana, inaweza kuleta usaha au uvimbe unaopanda juu, na ukipanda unachukua mikono. Mikono ile ndiyo iliyokuwa inampikia, inamwogesha, inamwandikia. Nikavua aproni nikaenda. Kwangu mimi, kwenda Naivasha bila kujiandaa siku tatu ilikuwa miujiza.

Ule ndio mwaka ziwa la Naivasha lilikuwa limepanda. Boda boda alinifikisha mahali barabara inaingia majini na kuendelea chini yake, unaiona kabisa, halafu huioni.

"Mathe, mimi naishia hapa," akasema. "Unaenda kwa wale wa viti?"

"Unawajua?"

"Nawaona tu wakiingia." Akageuza pikipiki. "Hapo ndani ni wasafi sana. Hawapigi kelele."

Nyumba nyingi zilikuwa zimehamwa. Ukutani kulikuwa na mstari wa tope kimo cha kifua changu. Magugu ya ziwa yalikuwa yamefika kwenye vizingiti kama wageni walioambiwa wasubiri, na kwenye kila paa kulikuwa na korongo mmoja, amesimama kwa mguu mmoja. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na hakuna mtoto, hakuna redio. Nilipita juu ya mbao zilizowekwa kwenye mawe mpaka nyumba moja iliyoinuliwa kwenye nguzo, mapazia yamefungwa.

Ndani walikuwa watu tisa kwenye viti vya magurudumu, wamepangwa mstari mmoja, wameangalia mlango wa chumba cha ndani. Hakuna aliyegeuka nilipoingia. Mwanzoni nilitafuta kwa macho sakafu imeinama upande gani. Haikuwa imeinama. Wao ndio walikuwa wamejipanga. Pembeni friji iliwekwa juu ya matofali, inanguruma, na miguu ya wale watu ikawa inatetemeka kwa mngurumo ule ule, mmoja mmoja, kama majani.

Mwalimu alikuwa wa pili. Mbele yake alikuwa mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kizuri kichwani, anaitwa Nduta. Aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua mpaka lori la wafanyakazi lilipopinduka. Alikuwa amekuja kwa sindano ya pili.

"Mama Kui," Mwalimu akasema bila kunitazama. "Nani amekuambia?"

"Twende nyumbani, Mwalimu."

"Miaka yote nimeandikia watu. Hakuna aliyenijibu. Huyu alinijibu siku hiyo hiyo."

"Ni daktari wa wapi? Anaitwa nani?"

Kabla hajajibu alitoka kijana mwenye koti jeupe, mikono ya koti imefunika vidole. Alikuwa na sauti ya chini, ya upole sana.

"Karibu, mathe. Kuna shida?"

"Kwenye friji kuna nini?"

"Seli za watoto."

"Watoto wa nani?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Za watoto tu. Zinatoka nje."

Nikawaza shosho wa Longonot. Mahali pale hapakuwa na mtu anayekaa nao. Friji ilinguruma peke yake, waya wake umepita dirishani juu ya maji.

"Lakini zinafanya kazi," Mwalimu akasema, na hapo ndipo niliposikia sauti ya wale wa pini wakiwa wamefumba macho. "Muulize Nduta. Alidungwa mwezi uliopita. Anasikia vidole."

"Nasikia, sista," Nduta akaniambia, akitabasamu. "Sio mchezo. Hata viatu nasikia vimenibana."

Alikuwa amevaa soksi tu.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Nilitoa pini kwenye mkoba. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwomba afumbe macho, na Mwalimu alikuwa anatazama, kama nilivyotaka. Nikamgusa paja kwa ncha. "Kali au butu?"

"Kali."

Nikamgusa goti kwa duara. "Kali au butu?"

"Kali."

Nikainua mkono. Nikauweka juu, mbali na mwili wake, pini inang'aa, wote wanaiona isipokuwa yeye. "Kali au butu?"

"Kali," Nduta akasema. "Hapo kwenye kidole kikubwa. Kali sana." Na machozi ya furaha yakaanza kumtoka chini ya kope.

Niliuliza tena. Alijibu tena. Mara nne nilimuuliza, na mara nne alisikia pini iliyokuwa hewani. Kisha akafumbua macho kabla sijashusha mkono.

Alitazama mkono wangu ulipokuwa. Akatazama nyuso za wenzake. Sijawahi kumwona mtu akishuka kutoka mahali pa juu namna ile akiwa ameketi.

"Kwa nini umenifanyia hivyo mbele ya watu?" akaniuliza.

Nyuma yangu Mwalimu akasema kwa sauti kavu, "Nisukume, Mama Kui. Twende."

Yule kijana wa koti hakunizuia. Aliufungua mlango wa ndani na kusema kwa upole ule ule, "Nduta, ingia."

"Usiingie, mama," nikamwambia. "Twende pamoja."

"Wewe umekuja kwa wako," akasema. "Mchukue." Akayasukuma magurudumu yake mwenyewe, akaingia. Mikono yake ilikuwa na nguvu, niliitazama. Wengine wakasogea nafasi moja mbele kujaza pengo, bila kuambiwa.

Nilimsukuma Mwalimu kwenye zile mbao. Tulipofika nchi kavu tulipiga simu polisi, na afisa akatuuliza jina la daktari. Hatukuwa nalo. Walipofika kesho yake walikuta maji yameingia ndani na matofali manne yako wazi, hayana friji. Hakuna jirani aliyeona gari likiondoka.

Njiani siku ile Mwalimu aliniambia kitu kimoja: "Ulifanya vizuri na ulifanya vibaya." Sista Tabitha alinionya miaka thelathini kabla, na mimi nikafanya lile alilonikataza, mbele ya watu wanane, kwa mtu nisiyemjua, ili nimwokoe ninayemjua. Mkinisifu kwa Kihoto, na mmenisifu hata kwenye hotuba ya kuniaga, muwe mnajua nilimlipia Mwalimu kwa nani.

Nduta aliletwa wodini kwetu mwezi wa tatu baada ya hapo. Maambukizi yalikuwa yamepanda mpaka shingoni. Madaktari waliokoa uhai wake. Mikono hawakuiokoa. Niliomba niwe mimi wa kumlisha, na wiki mbili za kwanza alikula uso umeelekea ukutani. Hakunisamehe, na sikumwomba, maana kumwomba msamaha mtu ambaye hawezi kujiinua aondoke ni kumlazimisha.

Mwalimu alikuja kumwona kila Jumanne. Alikaa kando ya kitanda chake akiandika, mikono yake mwenyewe juu ya ubao uliowekwa kwenye magoti, kisha akimsomea. Barua hiyo ilikuwa tofauti na zote. Ilikuwa inaeleza nyumba yenye mapazia, na friji, na koti lisilo na jina, na ilisema kwamba panapokosekana utafiti wa wazi na sheria ya kuusimamia, watu wenye njaa watakwenda popote wanapojibiwa. Nduta alimsahihisha. "Sio tisa, tulikuwa kumi siku ya kwanza." "Andika hakuniambia jina, na mimi sikuuliza." "Andika nilisikia. Usiandike nilidanganywa tu. Andika nilisikia."

Mwalimu aliandika hivyo.

Siku ya kuweka sahihi ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini. Keki yenu ilikuwa inanisubiri ukumbini na mlikuwa mnanipigia simu nije. Nduta alitazama karatasi, akatazama vidole vyake vilivyolala kwenye shuka.

"Watapokea sahihi ya dole gumba?" akauliza.

"Wataikubali," Mwalimu akasema.

"Basi sista anisaidie."

Nilileta kile kidau cha wino wa zambarau tunachotumia kwenye fomu za upasuaji. Nikachukua dole gumba lake, zito, la joto, nikalizungusha kwenye wino, nikaliweka kwenye mstari chini ya jina lake. Alikuwa anaangalia mkono wangu bila kupepesa.

"Bonyeza," akasema. "Bonyeza vizuri, wasije wakasema hakukuwa na mtu."